Mtaro mmoja, mabomba matatu: niliyoyazika Chumbageni

Mtaro wa maji taka nyuma ya nyumba yangu, Chumbageni mjini Tanga, una urefu wa mita 24. Unaanzia kwenye vyoo vya wapangaji, unapita chini ya mwarobaini, unakata ua na kuishia kwenye shimo karibu na geti, pale gari la kunyonya linapoweza kufikisha mpira wake. Nimeufukua mara tatu: 2008, 2011 na 2019. Mara zote nimeandika kila shilingi iliyotoka, maana kabla ya kustaafu nilikuwa karani wa stoo kwenye shamba la mkonge, na karani wa stoo hata akilala anaota leja.

Jirani yangu anajenga vyumba vinne vya kupangisha. Juzi kasimama mlangoni na kuniuliza, "Dada, ninunue bomba gani?" Nikamwambia aende, nitamwandikia. Jibu lake haliishi mlangoni, na mimi magoti hayaniruhusu kusimama sana.

Nianze na nililolikuta. Nyumba ni urithi wa marehemu baba, imejengwa kabla ya Uhuru. Mwaka 2008 vyoo vilipoanza kurudisha maji, tukachimba tukakuta bomba la udongo wa kuchoma, vipande vya futi mbili mbili, ndani linang'aa kama kikombe cha chai. Udongo wenyewe haukuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa kwenye maungio: yalifungwa kwa saruji, saruji ikapasuka, mizizi ya mwarobaini ikanusa maji ikaingia na kuota humo ndani kama ndevu za mzee. Fundi aliling'oa lote. Leo ninajuta, kwa kuwa bomba la udongo haliliwi na chochote kitokacho chooni. Tungebadilisha maungio na kukata mizizi, huenda lingenizika. Lakini sijaliona likiuzwa dukani hapa mjini kwa miaka mingi, kwa hiyo silipi alama; mengine nitayapa kati ya kumi. Vipande viwili vilivyosalimika nimepandia mrehani.

Fundi wa 2008 alikuwa na neno lake moja: "Bi mkubwa, bomba ni bomba." Kwa neno hilo alinipeleka kwenye duka moja la Ngamiani, ambalo silitaji, tukachukua mabomba ya plastiki ya kijivu, ya inchi nne, yale mepesi. Yalikuwa yameegemezwa ukutani nje ya duka, sijui tangu lini. Ubavu uliotazama jua ulikuwa umepauka, karibu uwe mweupe, na mimi nikadhani ni vumbi. Siyo vumbi. Plastiki ya PVC ikiachwa juani muda mrefu inakauka, inapoteza ule ulaini wake, na ikigongwa inakatika kama biskuti. Moja lilidondoka kutoka kwenye mkokoteni, likapasuka ncha. Fundi akakata ile ncha, akaendelea.

Ardhi ya huku kwetu ni mawe ya matumbawe. Ukichimba nusu mita, sururu inatoa cheche. Yule bwana akalaza bomba juu ya meno ya mawe, akarudishia kifusi kilekile na mawe yake, akapiga zege la ua juu, akadai pesa yake. Mpangaji wangu mmoja akajaliwa kununua kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, akawa anakiegesha uani usiku. Masika ya 2011 ua ukaanza kunuka, na mgomba wa jirani nyuma ya ukuta ukastawi kuliko migomba yote ya mtaa. Tulipofukua, bomba lilikuwa limebonyea mithili ya yai, na pale lilipokalia jiwe lilikuwa na ufa wa kutosha kupitisha kidole. Miaka mitatu! Alama mbili kati ya kumi, na hizo mbili ni za mwenye mkokoteni.

Hasira zikanipeleka upande wa pili. Nikasema sasa nataka kitu kizito, kisichobonyea hata likipita lori. Vijana wa kando ya barabara wakanifyatulia mabomba ya zege ya inchi sita, mita moja moja, 24. Yalikuwa mazuri kwa macho. Kila mtu aliyeingia uani aliyasifu. Wakayaunga kwa saruji, wakayafukia, nami nikafunga daftari nikijua nimemaliza.

Miaka minane kimya. Halafu asubuhi moja mwaka 2019 kuku wangu anatembea uani, mguu ukazama. Nikaenda kutazama, nikaona tundu, nikaingiza mkono wenye glovu. Paa la bomba liliniachia mkononi kama chaki iliyolowana. Cha ajabu, sakafu ya bomba, ile inayopitiwa na uchafu kila siku, ilikuwa ngumu kama siku ya kwanza. Limeoza juu, chini zima.

Mpwa wangu aliyesomea mambo ya maji ndiye aliyenieleza, na nilimwelewa upesi kuliko alivyotarajia. Kwenye utelezi wa chini ya bomba, mahali pasipo hewa, kuna vijidudu vinavyotoa gesi ile ya mayai viza. Gesi inapanda juu, inakutana na jasho la paa la bomba. Hapo juu wapo vijidudu wengine wanaoigeuza kuwa asidi ya salfuriki, ileile ya maji ya betri ya gari. Asidi hiyo inakula saruji taratibu, kuanzia darini. Joto linaharakisha kazi hiyo, na joto la Tanga mnalijua. Na pale maji yanapotembea pole pole au kulala, ndipo gesi inapozidi.

Nilimwelewa upesi kwa sababu nilishayaona korona, yaani kwenye mtambo wa kuchakata mkonge. Pale mkonge unapochakatwa, maji yake ya kijani ni makali, na mitaro ya zege iliyoyabeba ilikuwa ikiliwa mpaka kokoto zinachungulia kama meno. Tuliagiza saruji ya kuziba mitaro hiyo kila mara, mimi ndiye niliyesaini. Na bado nikaja kununua bomba la zege la choo changu! Basi ndiyo hivyo, mtu anaweza kuwa na funguo kiunoni na akalala nje.

Si halali kusema kosa ni la zege peke yake. Mwinamo ulikuwa mbaya. Tulipopima baadaye, kutoka vyooni hadi shimoni tofauti ilikuwa sentimita kumi tu katika mita 24. Kila kilichoingia kilikuwa kinapiga kambi. Mwaka 2011 hakuna aliyepima, mimi nikiwemo. Alama nne kwa zege kwenye maji ya choo.

Sasa la tatu, ambalo ndilo lipo hadi leo.

Nilikwenda duka jingine, nimebeba vernia yangu ya stoo, kile kipimo cha unene. Kijana wa dukani akacheka, "Shikamoo mama, unapima dhahabu?" Nikamwambia marahaba, napima ukuta wa bomba. Nilitaka PVC nzito ya maji taka, ya milimita 160, ambayo mafundi bado wanaiita inchi sita, ile ya rangi ya hudhurungi iliyoelekea chungwa. Ubavuni imeandikwa kipenyo, unene, alama ya ubora ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania), na herufi SN zikifuatwa na namba. Hiyo namba ndiyo ya kutazama: inaonyesha bomba linavyokataa kubonyezwa. SN4 inatosha mahali pasipopita magari. Mahali pa magari chukua SN8. Kwa kipenyo hicho cha 160, ukuta wa SN4 ni milimita 4.0 na wa SN8 ni 4.7. Vernia ikanipa 4.7. Jepesi lililokuwa rafu ya pembeni, kipenyo kilekile, halikufika hata 3, na ubavuni halikuandikwa kitu. Bomba lisilojua jina lake mimi silinunui tena.

Hili haliungwi kwa gundi. Lina mdomo mpana wenye mfereji, ndani yake unakaa mpira. Unafuta vumbi, unapaka sabuni ya maji, unasukuma mpaka ndani, halafu unarudisha nyuma kama sentimita moja. Hiyo sentimita fundi wengi wanaidharau. Plastiki inarefuka kwa joto: bomba la mita sita likipanda nyuzi 20 linaongezeka karibu milimita nane. Likikosa pa kwenda linapinda au linapasua chemba, kile kisanduku cha kukagulia mtaro. Usipake grisi ya gari badala ya sabuni. Mafuta hayo yanauvimbisha mpira. Mpira mmoja nilioupata ulikuwa na mkunjo, nikaurudisha, kijana akabadilisha bila neno. Duka hilo nalipa alama kumi.

Fundi wa 2019 alikuwa mtulivu, haongei sana, na alikuja na mpira wake wa kupimia usawa kwa maji, ule mwembamba unaoonyesha ndani. Tulishusha shimo ili tupate sentimita 30 katika mita 24, yaani sentimita moja kwa kila 80. Chini tukamwaga mchanga sentimita kumi kabla ya bomba kulala, tukalifunika kwa mchanga pande zote na juu, kifusi kikaja mwisho baada ya mawe makubwa kuokotwa. Pale kirikuu kinapoegeshwa, kutoka mgongo wa bomba hadi juu ni zaidi ya sentimita 60. Vibarua walilalamika kwamba mchanga wote huo ni kufuru.

Siku ya pili mvua ikatukuta mtaro wazi. Ncha za bomba zilikuwa zimezibwa kwa mifuko ili mchanga usiingie, na mtaro ukajaa maji. Asubuhi naamka, bomba langu la laki kadhaa linaelea uani kama ngalawa. PVC ni nzito kuliko maji, lakini bomba tupu lililozibwa limejaa hewa, litaachaje kuelea! Tukavuta maji, tukapanga upya, tukafukia katikati ya kila bomba kwanza na kuacha maungio wazi mpaka tupime. Ukilaza siku ya mawingu, fukia kabla ya kwenda kula.

Kipimo cha kwanza kilikuwa maji: ziba chini, jaza, subiri, tazama kama yanashuka. Kipimo cha pili ni changu mwenyewe. Nilitupa chungwa la Muheza kule chooni kwenye chemba ya juu pamoja na ndoo moja ya maji, nikamwacha mjukuu wangu akae chemba ya chini. Likatoka linazunguka, hakusubiri hata dakika. Naambiwa hakulila.

Miaka yote hii tangu 2019 sijafungua chemba ila kwa kukagua. Asidi ya mayai viza haina habari na PVC. Mpwa wangu anasema Wajerumani walianza kuzika mabomba ya PVC kwao miaka ya 1930 na mengine bado yanapitisha maji. Sisi hapa wakati huo walikuwa wameshatuachia reli na kuondoka. Alama tisa. Moja nimeikata kwa sababu ya bei, na kwa sababu panya akipata ncha iliyo wazi ataijaribu meno.

Bei sasa. Huu ni ukurasa wa 2019, kwa shilingi:

Mabomba matano (moja la akiba) kwa 72,000 ni 360,000. Viungo na mipira 95,000. Mchanga na kokoto 110,000. Kuchimba, mita 24 kwa 6,000, ni 144,000. Fundi 200,000. Kuvunja ua na kupiga zege upya 230,000. Jumla 1,139,000.

Jirani, tazama hapo. Bomba, ambalo watu wanalibishania dukani mpaka jasho, halikufika theluthi ya pesa. Lile jepesi la milimita 160 siku hiyo lilikuwa 41,000. Ningelichukua ningebakiwa na 155,000 mfukoni, lakini vibarua, fundi, mchanga na zege la ua wasingenipunguzia hata senti kwa kuwa bomba ni rahisi. Kisha miaka mitatu baadaye ningewaita wote tena. Na bado sijaandika kodi ya mwezi niliyowasamehe wapangaji wakati wanaomba choo kwa majirani, maana ile hesabu inaniuma.

Watu wananiuliza kuhusu HDPE, lile bomba jeusi. Ni bomba bora, linavumilia kupindishwa, na kwa maji safi nimelitumia kwenye kiwanja cha mwanangu Kange bila shida. Kwa maji taka ya nyumba moja sikushauri. Gundi ya PVC hailishiki kabisa, hata ulipake kopo zima. Maungio yake kwa kawaida yanayeyushwa kwa mashine yenye joto la nyuzi mia mbili na ushei, na mashine hiyo pamoja na mtu wake inakodiwa. Kwa mita 24 ni kukodi basi kwenda sokoni.

Kalavati, lile bomba kubwa la kupitisha maji chini ya barabara, ni habari nyingine, na hapa nataka kuitetea zege, nisije nikaonekana nina chuki nayo. Tuna kashamba Pongwe, njia ya Muheza, na njia ya kuingilia inakatwa na korongo. Kavu miezi tisa, masika linageuka mto. Mwaka 2021 tuliokaa kule tulichanga tukanunua makalavati ya zege ya milimita 600, yenye nondo. Mzee mmoja alitaka tuletewe la chuma la mawimbi alilopata kwa mtu, rahisi na jepesi, watu wawili wanalibeba. Nikakataa. Upepo wa chumvi wa pwani hauna urafiki na bati, na kokoto zinazosombwa na maji zinasugua lile tumbo la chini mpaka rangi ya zinki inaisha. Likishatoboka chini, udongo unanyonywa kidogo kidogo, juu barabara inaonekana nzima, hadi siku gurudumu linapoingia.

Maji ya mvua hayana ile gesi. Kalavati liko wazi kote, upepo unapita, hakuna kinacholala humo zaidi ya vyura. Zege lililokufa kwangu Chumbageni kwa miaka minane, Pongwe lina sababu ya kuishi kutuzidi sote. Ila liwe zege kweli. Mimi nilikagua hivi: nikagonga kwa nyundo ndogo, lililokomaa linalia kama kengele, bovu linajibu kama gunia. Nikatazama kama nondo inachungulia mahali. Nikauliza yamemwagiliwa siku ngapi. Akasema saba, nikaona bado yamefunikwa magunia mabichi, nikamwamini. Halafu nikachota mchanga wa rundo lake nikaulamba. Wote wakanicheka. Mchanga wa ufukweni una chumvi, na chumvi ndiyo adui wa nondo: inashika kutu kwa ndani, inavimba, zege linapasuka lenyewe. Ule ulikuwa wa mtoni, ladha ya udongo tu.

Ubaya wake ni uzito. Moja la mita moja, ukuta wa milimita 75, ni kama kilo 380. Tulihitaji watu sita, kamba na mbao mbili kulishusha, na mmoja alipondeka ukucha. Ncha zote mbili tukazijengea ukuta wa mawe ili maji yasichimbe pembeni, kazi iliyochukua muda kuliko makalavati yenyewe. Usiiruke, maana kalavati nyingi nilizoziona zimeharibika zilisombwa ubavuni, zenyewe zikiwa nzima. Alama nane.

Tulinunua sita, korongo likameza matano. La sita lipo kando ya njia, watoto wanajifichia humo wakicheza kombolela. Anayelihitaji nalitoa kwa 80,000. Aje na watu wake sita.